Mwenyekiti wa Jumuiya Atabeba Peke Yake?

Ndugu msomaji, yuko mtu mmoja kijijini kwako ambaye watu humkumbuka siku ya shida tu. Mtoto akitaka kubatizwa, yeye ndiye anayeandika barua kwa Padri. Kijana akitaka kuoa, barua ni yake. Mzee akifa usiku, yeye huamshwa kabla ya jogoo kuwika. Zaka zikichelewa, yeye ndiye anayeulizwa parokiani. Mshahara hana, wala hakuna anayemwuliza kama shamba lake limepaliliwa. Huyo ndiye mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikristu, na mara nyingi mwenyekiti huyo ni mama mwenye watoto wa kulisha.

Muda wake ukiisha watu hukutana kuchagua mwingine, na hapo utaona ajabu. Waliokuwa wakisema kwa sauti wiki iliyopita, sasa wanatazama chini. Mmoja ana safari. Mwingine mgongo unamwuma. Mwisho anachaguliwa yule ambaye siku ile hakufika! Je, watu wanaikimbia kazi hii kwa sababu imani imepungua? Sivyo. Wameona jinsi aliyetangulia alivyoachwa peke yake. Basi leo tuitazame kazi yenyewe, na tuulize ni nani anayepaswa kumshika mkono.

Shauri la baba mkwe

Shida hii ni ya kale. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, twasoma jinsi Musa alivyokaa kutwa nzima akisikiliza mashauri ya watu, nao watu wamesimama wakingoja. Yethro, baba mkwe wake, alikuja kumtembelea. Alitazama kwanza, kisha akasema wazi kwamba mambo hayaendi vizuri: Musa atachoka, na watu nao watachoka. Shauri lake likawa kuchagua watu wacha Mungu, wasiohongeka, wawe wakubwa wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi.

Ona, msomaji, hesabu ile inaishia kwenye kumi. Watu kumi mtu mmoja aweza kuwajua wote: nani ana homa, nani hana chumvi ndani, nani hasemi na jirani yake. Wazee wa Tanzania waliomjua mjumbe wa nyumba kumi tangu miaka ya 1960 hawana haja ya kuelezwa faida ya hesabu hiyo. Wanajua pia hasara yake, pale mjumbe alipopenda kujua hata yasiyomhusu.

Tena katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, twakuta manung'uniko kati ya Wakristu wa kwanza. Wajane wa wale waliosema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa wakati wa kugawa chakula. Mitume hawakuwaambia wajane wavumilie, wala hawakushika sufuria wenyewe. Waliwaita watu wote, wakachaguliwa wanaume saba, wakawekewa mikono. Yatazame majina yao: Stefano, Filipo na wenzao, yote saba ni ya Kigiriki. Yaelekea kazi ilitolewa kwa upande ule ule uliolalamika. Mwenyekiti mwenye akili ataufikiri mfano huo kabla ya kumwita mlalamikaji mkorofi.

Lakini mfano ulio karibu nasi zaidi watoka Buganda. Mapadri Weupe walifika kwa Kabaka Mutesa mwezi wa Februari 1879. Novemba 1882 waliondoka, wakaenda upande wa kusini wa ziwa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, nao hawakurudi mpaka Julai 1885. Sasa fikiri. Yosefu Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa walikuwa wamebatizwa tarehe 30 Aprili 1882, na Matia Mulumba Kalemba na Luka Banabakintu tarehe 28 Mei ya mwaka ule ule. Hawakuwa na mwaka mmoja katika Ubatizo, na mara Padri hayupo, Misa hakuna, Kitubio hakuna. Wangeweza kusema: tungoje. Badala yake Yosefu aliwaangalia vijana wa ikulu, Andrea akafundisha watu wake, na Matia na Luka wakalitunza kundi la Mityana, mbali na mji mkuu. Mapadri waliporudi walikuta watu wanaotaka Ubatizo wameongezeka.

Wote wanne waliuawa kwa ajili ya imani, Yosefu mwezi wa Novemba 1885, wenzake watatu Mei na Juni 1886, na Baba Mtakatifu Paulo VI aliwatangaza watakatifu pamoja na wenzao tarehe 18 Oktoba 1964. Twawaheshimu kwa jinsi walivyokufa, nasi twafanya vema. Hata hivyo kiongozi wa jumuiya angefaidi sana kuwatazama katika ile miaka mitatu kasoro, walipokuwa hai na wakifundisha, bila Padri wa kumwuliza neno.

Jumuiya zenyewe kama tuzijuavyo leo zilikuja baadaye. Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walikuwa wamekwisha kuanza kusema juu ya jumuiya hai ndani ya parokia. Mwaka 1973 maaskofu wa Afrika ya Mashariki, katika mkutano wa AMECEA mjini Nairobi, walikubaliana kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ambamo watu wanafahamiana. Wakakutana tena Nairobi mwaka 1976 kwa ajili ya shauri hilo hilo, na mwaka 1979 wakaenda Zomba, Malawi, kupima kazi imefika wapi. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alikwenda mwenyewe kukaa katika kijiji cha ujamaa na kuishi pamoja na watu. Na mwaka 1995 Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake juu ya Kanisa la Afrika, alieleza kwamba Kanisa lililo familia ya Mungu haliwezi kukomaa lisipogawanyika katika jumuiya zilizo ndogo kiasi cha watu kujuana.

Kujuana! Neno hilo lishike, maana tutarudi kwake tukifika kwenye fedha.

Siku ya kukutana

Saa imefika. Watu wameketi juu ya mkeka na viti viwili vitatu vilivyoazimwa kwa jirani. Kazi ya kwanza ya kiongozi ni nini? Wengi watajibu: kufundisha. Hapana. Kufundisha ni kazi ya katekista na ya Padri. Kazi ya kiongozi ni kuwawezesha watu kulisikia Neno la Mungu na kusikilizana. Akisema yeye nusu saa nzima, amefanya jumuiya kuwa kanisa dogo lisilo na Padri, na wenziwe watasinzia kama wanavyosinzia kwenye hotuba ndefu.

Iko njia nyepesi ambayo parokia nyingi zimeizoea, nayo yaitwa hatua saba. Ilitengenezwa katika chuo cha Lumko, Afrika ya Kusini, walikofanya kazi mapadri wawili Wajerumani, Oswald Hirmer na Fritz Lobinger, ambao baadaye wote wawili walifanywa maaskofu katika nchi ile. Kwanza mmoja anamkaribisha Bwana kwa sala fupi. Kisha Injili inasomwa. Halafu kila mtu anachagua neno au maneno machache yaliyomgusa, anayasema kwa sauti, bila kuyahubiri. Yafuata kimya. Baada ya kimya watu wanasimuliana, kila mmoja kwa nafsi yake, Neno limemwambia nini. Ndipo wanaulizana: Bwana anataka tufanye nini wiki hii? Mwisho ni sala za watu wote.

Hatua mbili huharibika mara nyingi. Moja ni kimya. Dakika tatu za kimya humwogopesha kiongozi mpya. Anaona kama ameshindwa kazi, basi upesi anaanzisha wimbo. Asianzishe. Mama aliyetoka kisimani na ndoo tatu tangu alfajiri, labda hana kimya kingine wiki nzima ila hicho. Nyingine ni ile ya sita, ya kazi. Watu husema: "Tuwe na upendo." Sawa, lakini upendo kwa nani, na siku gani? Kazi yenye nguvu ina jina la mtu na siku yake. Alhamisi wawili hawa watakwenda kwa bibi fulani, watamtilia udongo ukuta wa jiko uliobomoka. Wiki ijayo, kabla ya kusoma Injili, kiongozi anauliza: ukuta umesimama? Huko si kuwasuta watu. Jumuiya isipoulizwa itajifunza kusema bila kutenda.

Na wale wasiosema kitu? Wapo katika kila jumuiya. Kijana aliyeacha shule, mke mgeni aliyeolewa kutoka mbali, mzee asiyejua kusoma. Usiwachokoze mbele ya watu. Mpe mzee kazi ya kufungua sala, maana sala anazijua kwa moyo kuliko wote. Mpe kijana Biblia asome. Ukijua hasomi vizuri, mpelekee sura siku mbili mbele aizoee. Yule mke mgeni, mkutano ujao uwe nyumbani kwake, hata kama nyumba ni ndogo na watu wakae nje chini ya mwembe. Atakayekuwa ameandaa mkeka kwake hatakuwa mgeni tena.

Juu ya wanaume, tuseme kweli. Katika vijiji vingi jumuiya ni akina mama, na baba yupo kwenye bao. Enyi akina baba, mwasema jumuiya ni maneno ya wanawake. Lakini siku ya kuzika mwaja wote na majembe, tena mwachimba vizuri. Basi kiongozi aanzie hapo: awape kazi ya mikono kwanza. Baba aliyekwisha kumwezekea mjane nyumba atakuja siku moja kusikiliza Injili iliyomtuma huko.

Zaka na jeneza

Sasa tufike kwenye jambo linalowatia watu uchungu. Kiongozi wa jumuiya hushika daftari la zaka na michango: ya parokia, ya ujenzi, ya mavuno, ya kumpokea Askofu. Ni haki Kanisa litegemezwe na watoto wake; hakuna mfadhili wa ng'ambo atakayetuezekea kigango milele. Tena fedha inapopita mikononi mwa watu wanaojuana, huibwa kwa shida. Fedha na ihesabiwe na watu wawili mbele ya wote, iandikwe papo hapo, mtoaji apewe risiti, nayo isilale kwa mtu mmoja hata ikazoea nyumba. Kiongozi na mweka hazina wasiwe wa nyumba moja. Kama kuna chama cha kuweka na kukopa, kiwe na daftari lake na siku yake. Mtu aliyeshindwa kulipa mkopo ataona haya kuja, na kama mkopo na Injili vimekaa mkeka mmoja, atakosa vyote viwili.

Lakini tuseme hivi. Yuko baba mmoja ambaye hakuonekana katika jumuiya mwaka mzima. Zaka hajatoa. Usiku mmoja mtoto wake anafariki. Asubuhi ndugu yake anakuja kwa mwenyekiti. Watu wamekwisha kusimama uani, na mmoja anasema: "Huyu si mwenzetu. Alipe kwanza." Mwingine asema: "Tukienda leo, kesho nani atakuja jumuiya?" Wote wawili hawana nia mbaya. Wanaona wao wamevumilia jua na mvua, na mwenzao amekaa tu. Macho yote yako kwa mwenyekiti. Afanye nini?

Na aanze kwa kujua sheria. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1184, inawataja wale wanaoweza kunyimwa maziko ya Kikanisa: walioiasi imani waziwazi, na wengine wa namna hiyo, nao pia hawanyimwi kama walionyesha dalili ya kutubu. Humo hamna neno la michango. Tena kanuni ya 848 yaagiza kwamba maskini wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Basi mwenyekiti hana ruhusa ya kuifanya barua yake kuwa kufuli, na akiwa na mashaka amwulize Padri, asiamue kwa hasira ya watu. Yule mtoto aliyekufa ana deni gani? Na baba yake je, kuna aliyekwenda kwake mwaka ule mzima kumwuliza kwa nini haonekani? Labda alikuwa anakunywa. Labda aliona aibu ya shati. Labda aligombana na huyo huyo anayesema alipe kwanza.

Kwa maoni yetu jibu ni moja: watu waende, wachimbe, wateke maji, wapike, wasali rozari. Daftari libaki nyumbani. Zikipita wiki mbili tatu, watu wawili wapole waende kwa baba yule bila daftari, wakae, wamsikilize. Habari ya zaka itakuja yenyewe baadaye, au haitakuja; lakini ile hofu kwamba watu watazembea kama wote wanazikwa haina msingi mkubwa. Watu huzembea zaidi mahali wanapohesabiwa tu. Jumuiya iliyokwenda kuhani nyumba ya mzembe imemwonyesha kuwa anajulikana, nalo ndilo neno lile la kujuana walilolitaka maaskofu.

Hayo hayasemi kwamba kila mtu apewe barua bila kuulizwa. Wazazi wanaoleta mtoto abatizwe waulizwe kama watamlea katika imani, na wasimamizi waulizwe vile vile. Kiongozi akiandika uongo ili asionekane mkali, amemdanganya Padri na amewadhulumu wazazi wenyewe. Aandike anachokijua, kifupi, bila chuki za mpaka wa shamba.

Wagonjwa wana haki ya kwanza. Kila kiongozi ajue ni nani amelala kitandani katika nyumba zake, na amwite Padri mapema kwa Mpako wa Wagonjwa, mgonjwa angali anaweza kuungama na kuitikia sala. Wengi bado wadhani mafuta yale ni ya kufia, kwa hiyo wanangoja mpaka sauti imekatika. Tena kiongozi na ajue vizuri jinsi ya kubatiza mtoto aliye katika hatari ya kufa, maana katika hatari hiyo mtu yeyote mwenye nia ya kufanya lifanyalo Kanisa aweza kubatiza kwa maji na kwa jina la Utatu Mtakatifu. Akiisha kubatiza, ampashe Padri habari, aandikwe kitabuni.

Nani amshike mkono?

Kwanza, watu wa nyumba yake. Mume ambaye mke wake ni mwenyekiti asimsubiri mlangoni na maneno kila arudipo. Amchotee maji siku ile. Je, haiba yake itapungua kwa ndoo moja?

Pili, katibu na mweka hazina na wajumbe. Jumuiya nyingi huchagua watu sita, kisha mmoja anafanya yote, watano wanasaini. Mwenyekiti naye ana kosa kama hawaachii kazi kwa kudhani watakosea. Na wakosee kidogo. Yethro hakumwambia Musa achague watu wasiokosea.

Padri ana vigango vingi, twajua. Hata hivyo Misa moja kwa mwaka ndani ya jumuiya, sikukuu ya mtakatifu msimamizi wake, hukaa mioyoni kuliko barua nyingi za matangazo. Na anapowaita viongozi parokiani, asiwaite kwa ajili ya hesabu za fedha tu. Siku nzima ya mafundisho, wali na maharage, na nafasi ya kusema yanayowalemea: kwa ugali wa msiba walioula wamekwisha kuilipa siku hiyo.

Nawe, msomaji usiye na cheo? Fika kwa saa. Ukiwa na neno juu ya kiongozi, mwambie mwenyewe, usiliache kisimani. Akiwa amefiwa yeye, angalia ni nani anayeongoza sala kwake, maana wakati ule mara nyingi watu hukaa wakimtazama yeye yule yule aanzishe. Na wakati wa palizi, nusu siku ya watu kumi katika shamba lake ni kazi ya siku tano za mtu mmoja.

Muda wake ukiisha, makabidhiano yafanywe mbele ya watu: daftari la fedha na salio lake, orodha ya nyumba na watu waliomo, picha ya mtakatifu msimamizi, Biblia ya jumuiya, na majina ya wagonjwa, wajane na yatima, pamoja na siku walipotembelewa mara ya mwisho. Kama orodha hiyo ya mwisho haipo, iandikwe siku ile ile, kabla watu hawajakunja mikeka.